Chombo kikizama, nani anawajibika? Kazi ya serikali kuu katika maafa ya Ziwa Victoria

Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mchana wa tarehe 20 Septemba 2018, kikitokea Bugorora kwenda kisiwa cha Ukara, karibu kabisa na gati. Waliokuwa ufukweni walikiona kikigeuka. Wavuvi wakaingia majini na mitumbwi yao kabla ya mtu yeyote mwenye sare kufika. Kilikuwa kimeruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220, na waliopona walikuwa 41.

Kila baada ya ajali ya namna hii swali huwa ni lile lile: serikali ilikuwa wapi? Shida ni kwamba neno "serikali" hapo linabeba watu wengi mno. Kuna aliyempa nahodha cheti, aliyekagua chombo, aliyetoa utabiri wa upepo, mwenye boti ya uokoaji, mwenye mafuta ya boti hiyo, mkuu wa wilaya anayeongoza kikao, na ofisi iliyoko Dodoma inayopigiwa simu. Kila mmoja ana sheria yake na bajeti yake. Kutaka uwajibikaji bila kujua nani ana jukumu gani ni kama kugombana na mwalo mzima, yaani wote wa ufukwe ule mitumbwi inapotua, kwa sababu nyavu zako zimekatwa.

Tuanze na maneno

Maafa, dharura na hali ya hatari hutumika mitaani kana kwamba ni kitu kimoja. Kisheria si kitu kimoja.

Dharura ni tukio linalohitaji hatua ya haraka: moto sokoni, mtumbwi uliozimika injini katikati ya ziwa. Huwa maafa pale linapoizidi jamii husika, yaani watu wa hapo kwa nguvu na vifaa vyao hawawezi tena kulibeba. Ndiyo maana mvua ile ile jijini Mwanza inaweza kuwa kero tu mtaa wa Capri Point na ikawa maafa mtaa wa Mabatini, mto Mirongo unapofurika na kuingia majumbani.

Hali ya hatari ni jambo la kikatiba. Ibara ya 32 inampa Rais peke yake mamlaka ya kuitangaza, nchi nzima au sehemu yake, na mojawapo ya sababu zinazotajwa ni balaa au baa ya kimazingira inayotishia jamii. Tangazo hilo haliwezi kudumu kwa utashi wa mtu mmoja: Bunge lisipolipitisha ndani ya siku 14, kwa theluthi mbili ya wabunge wote, linakufa. Likipitishwa, linakoma baada ya miezi 6 isipokuwa Bunge liongeze muda. Mkuu wa mkoa hawezi kutangaza hali ya hatari, wala waziri hawezi. Maombolezo ya kitaifa, kama yale ya siku 4 baada ya MV Nyerere, ni jambo jingine kabisa: bendera hushushwa nusu mlingoti, lakini hayaongezi mamlaka ya mtu yeyote hata kwa senti.

Kwa hiyo maafa karibu yote ya ukanda huu hushughulikiwa bila hali ya hatari. Yanaendeshwa kwa sheria za kawaida, na sheria mama ni Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022. Iliifuta ile ya 2015, ambayo nayo ilichukua nafasi ya sheria ya 1990. Majina yenyewe yanaeleza safari: ya 1990 ilikuwa ya kuratibu misaada ya maafa. Mtazamo ulikuwa kwamba janga likitokea, kazi ya serikali ni mahindi, mablanketi na mahema. Zilizofuata zinazungumzia usimamizi, yaani kuzuia, kupunguza madhara, kujiandaa, kukabili na kurejesha hali. Kwenye karatasi mabadiliko hayo ni makubwa. Kwenye bajeti za halmashauri nyingi, mahindi na mablanketi bado ndiyo yanayoeleweka kwa urahisi zaidi.

Jambo moja la pembeni ambalo huwachanganya hata waandishi wa habari: usimamizi wa maafa si jambo la Muungano. Zanzibar ina kamisheni yake na sheria yake. Lakini mamlaka juu ya hali ya hatari yamo kwenye orodha ya mambo ya Muungano. Huku ziwani hilo halitugusi sana, ila ukisoma nyaraka za serikali utaelewa kwa nini nyingine zinasema "Tanzania Bara" na nyingine "Jamhuri ya Muungano".

Kuratibu si kuamuru

Juu kabisa yuko Waziri Mkuu. Chini ya ofisi yake kuna Idara ya Menejimenti ya Maafa, yenye Kituo cha Operesheni na Mawasiliano ya Dharura huko Dodoma. Kisha zinashuka kamati: ya taifa, ya mkoa chini ya mkuu wa mkoa, ya wilaya chini ya mkuu wa wilaya, ya kata, hadi ya kijiji au mtaa. Kamati ya maafa isichanganywe na kamati ya ulinzi na usalama. Mwenyekiti ni huyo huyo na mara nyingi hata meza ni ile ile, lakini ya maafa ina watu wa afya, maji, kilimo, ustawi wa jamii na Msalaba Mwekundu. Inapotokea kamati ya usalama ikakaa peke yake na kujiona imemaliza, ndipo unasikia siku ya tatu kwamba manusura hawana maji ya kunywa.

Fundo kubwa liko hapa. Idara ya maafa haina boti. Haina wazamiaji, haina magari ya zimamoto, haina madaktari. Kazi yake ni kuratibu: kujua nani ana nini, kumwita, kumpa nafasi, kuhakikisha wawili hawafanyi kazi moja huku nyingine ikibaki bila mwenyewe. Anayefanya kazi yenyewe ni taasisi inayoongoza kulingana na aina ya tukio.

Mlipuko wa ugonjwa uko chini ya Wizara ya Afya. Kagera waliona hivyo mara mbili kwa ugonjwa wa Marburg, Machi 2023 na Januari 2025. Wizara ndiyo iliyopeleka wataalamu, ikafuatilia waliokutana na wagonjwa, na nchi inabanwa na kanuni za afya za kimataifa kuliarifu Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya kulitathmini tukio. Moto na majengo yaliyoporomoka ni vya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililoundwa kwa sheria ya 2007 na liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Ndege ikianguka, uchunguzi ni wa wizara yenye dhamana ya uchukuzi.

Ziwani ndiko mambo yanakobanana. Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, linasajili na kukagua vyombo na ndilo mdhibiti wa usalama majini. Polisi wanamaji wana doria. Zimamoto wana jukumu la uokoaji. Mamlaka ya bandari ina magati. Vivuko vingi vya serikali vinaendeshwa na TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi na umeme, meli kubwa zina kampuni yake, mitumbwi ya uvuvi inapewa leseni upande wa uvuvi, na jeshi la wanamaji la JWTZ huitwa mambo yakizidi. Hao wote wana haki ya kuwepo siku ya ajali, lakini mmoja tu ndiye anayepaswa kusema "boti hii iende kusini, ile ibaki hapa". Mpango wa dharura ambao haumtaji mtu huyo kwa cheo chake, na anayekaimu akiwa safarini, haujawa mpango.

Kazi inayofanyika kabla maji hayajachafuka

Asilimia kubwa ya jukumu la serikali kuu hufanyika siku ambayo hakuna habari yoyote. Kukagua, kupima, kuandika, kukataza. Ni kazi isiyopigwa picha.

Chukua idadi ya abiria. Kwa desturi ya mahesabu ya vyombo, mtu mmoja huhesabiwa kilo 75. Abiria 101 ni tani 7 na nusu hivi. Jumlisha waliokufa na waliopona kwenye MV Nyerere, unapata watu zaidi ya 260: karibu tani 20, bila kuhesabu magunia, masanduku ya soda na mizigo mingine ya siku ya gulio. Na uzito wenyewe si hatari pekee. Magunia hukaa mahali pake, watu hutembea. Chombo kikikaribia gati, kila mmoja anataka kushuka wa kwanza. Watu 100 wakisogea mita 3 kwenda ubavu mmoja, wamehamisha tani 7 na nusu kwa sekunde chache. Wakiwa sitaha ya juu ni mbaya zaidi, kwa sababu kitovu cha uzito kimeshapanda. Chombo kinachoelea kwa utulivu safari nzima kinaweza kupindukia pale pale kinapofika. Ndiyo maana mkaguzi makini hatazami tu cheti ukutani. Anatazama mstari wa kina cha kuzama uliochorwa ubavuni, na anauliza nani anasimama mlangoni kuzuia watu kusogea kabla kamba haijafungwa.

Halafu orodha ya abiria. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza kutoka Bukoba kupitia Kemondo, ilikuwa na uwezo wa watu 430. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa wameandikwa, 443. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Waliokufa walizidi 800, na idadi kamili imebaki ikitajwa tofauti kulingana na anayetaja. Tume iliyoongozwa na Jaji Robert Kisanga ilichunguza, na tangu hapo orodha ya abiria imekuwa wimbo wa kila kikao cha usalama majini.

Mwaloni, orodha mara nyingi ni daftari la mazoezi na kalamu inayofungwa kwa uzi. Likitumika vizuri linatosha kabisa. Mistari inayohitajika ni michache: jina, namba ya simu ya mtu aliyebaki nchi kavu, anakoshuka. Makosa yanayorudiwa ni matatu. Watoto hawaandikwi kwa kuwa hawalipi nauli. Abiria wanaopandia njiani hawaongezwi. Na kosa kubwa kuliko yote, daftari lenyewe linasafiri ndani ya boti. Boti ikizama, orodha imezama nayo. Nakala moja lazima ibaki ufukweni, hata kama ni picha iliyopigwa kwa simu na kutumwa kwa kiongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, kabla injini haijawashwa.

Upande wa hali ya hewa serikali kuu haina mshirika wa kugawana naye lawama: Mamlaka ya Hali ya Hewa ndiyo pekee yenye mamlaka ya kutoa tahadhari. Mwanza kuna rada yake, Kiseke. Tahadhari hutoka kwa viwango, Angalizo, Tahadhari na Tahadhari Kubwa, na lugha yake imezoeleka redioni: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayofikia mita 2. Kwa meli kubwa mawimbi ya mita 2 ni usumbufu. Kwa mtumbwi wa mbao wenye ubavu unaotokeza sentimita 40 juu ya maji ni hukumu.

Na ziwa hili lina tabia yake. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka. Nchi kavu ikipoa, hewa kutoka pande zote inakutana katikati ya maji yenye joto, inapanda na kuzaa radi. Dhoruba nyingi za ziwani kwa hiyo huvuma usiku kuelekea alfajiri. Sasa kumbuka dagaa wanavuliwa lini: usiku, na hasa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa haipo, ili taa zivute. Tahadhari inayosomwa kwenye taarifa ya habari ya saa 2 usiku inamkuta mvuvi ameshaondoka tangu saa 11 jioni. Utabiri unaweza kuwa sahihi kwa kila neno na usimsaidie yeyote. Ili umfikie unatakiwa uwe mwaloni saa 9 alasiri, umeandikwa kwa chaki ubaoni pale wanapojazia petroli, kwa maneno ya wenyewe: upepo utatoka wapi, kuanzia saa ngapi, na eneo lipi. Kupeleka taarifa hadi hapo ni jukumu la mnyororo wa kamati za maafa, kutoka mkoa hadi kijiji, na ndipo mnyororo huo hukatika mara nyingi zaidi kuliko mahali pengine popote. Barua ya tahadhari hufika kata ikiwa na mhuri na siku mbili za uchelewaji.

Ufukweni nako kuna sheria isiyopendwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Watu huiona kama sheria ya kulinda samaki na matete. Ni sheria ya maafa pia. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kufikia kina cha juu kilichoonekana mara ya mwisho miaka ya 1960, na 2024 likapita hapo. Vibanda, vyoo na nyumba za wageni zilizokuwa "ufukweni" zikawa majini. Choo kinapoingia ziwani, maafa ya mafuriko yanageuka mlipuko wa kipindupindu, na taasisi inayoongoza inabadilika katikati ya tukio.

Saa ya kwanza

Hakuna serikali duniani inayofika kwenye ajali ya ziwani ndani ya dakika 10, na ndani ya dakika hizo ndipo wengi hufa. Kwa hiyo saa ya kwanza ni ya wavuvi. Ilikuwa hivyo Ukara, na ilikuwa hivyo Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipotumbukia ziwani karibu na uwanja ikiwa na watu 43. Watu 24 walitoka hai, 19 walikufa, na mitumbwi ya dagaa ndiyo iliyotangulia. Kijana mvuvi aliyejitokeza siku ile baadaye alipewa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ilikuwa heshima anayostahili. Lakini mpango wa taifa hauwezi kutegemea kwamba daima atakuwepo kijana.

Serikali makini inawapanga wavuvi hao mapema. Inawasajili kwa mwalo, kwa namba ya boti na nguvu ya injini. Inawafundisha mara mbili kwa mwaka namna ya kumwingiza mtu botini bila kupinduka: avutwe kutokea nyuma, karibu na injini iliyozimwa, na si ubavuni. Na inamaliza mapema suala la petroli, ambalo linaonekana dogo hadi siku yenyewe. Injini ya nguvu farasi 40 ikienda kwa kasi hula kama lita 15 kwa saa. Boti 10 zikitafuta kwa saa 6 ni lita 900. Hakuna mvuvi mwenye lita 90 za ziada za kutoa sadaka. Kama wilaya haina mkataba na kituo cha mafuta unaosema "toa kwanza, hati baadaye", na jina la afisa anayesaini usiku, boti zinaanza kurudi nchi kavu moja moja baada ya saa mbili, na hakuna anayeweza kuwalaumu.

Simu ya kwanza nayo ina ufundi wake. Namba zinazotumika nchi nzima ni 112 ya polisi na 114 ya zimamoto na uokoaji. Anayepokea hahitaji kilio, anahitaji mambo matano: ni chombo gani, kilikuwa kinatoka wapi kwenda wapi, kiliondoka saa ngapi, kina watu wangapi, upepo unavuma kuelekea wapi. Hilo la mwisho wengi hulisahau, nalo ndilo linaloamua pa kutafuta. Mtu anayeelea huchukuliwa na upepo na mkondo. Akisogea kilomita 1 tu kwa saa, baada ya saa 2 anaweza kuwa popote ndani ya duara lenye kilomita za mraba 12 na nusu. Baada ya saa 6 duara hilo ni kilomita za mraba 113. Kuchelewa mara tatu kunalipanua eneo mara tisa. Ukijua upepo, duara linakuwa kabari nyembamba na boti 10 zinaweza kulipekua.

Kuna faida moja ambayo bahari za nchi za baridi hazina. Maji yetu yana nyuzi joto 24 hadi 26. Mwenye jaketi la kuokolea, ambalo mwaloni wanaliita boya tu, hafi kwa baridi ndani ya saa moja. Anaweza kuelea usiku kucha akapatikana asubuhi. Maana yake ni kwamba kusitisha utafutaji giza linapoingia ni uamuzi mzito, unaopaswa kufanywa na mtu mwenye mamlaka, kwa sababu zilizoandikwa: hakuna taa, mawimbi yanahatarisha waokoaji. Haupaswi kutokea wenyewe kwa sababu watu wamechoka na betri zimeisha. Taa za sola za wavuvi wa dagaa, hizo hizo zinazovuta samaki, zinamulika maji vizuri kabisa.

Halafu liko suala la chombo kilichopinduka na kuelea tumbo juu. Kila anayekiona anataka kukitoboa, hasa akisikia watu wakigonga ndani. MV Bukoba ilitobolewa, hewa ikatoka, meli ikaenda chini na waliokuwa hai ndani yake. Sababu ni rahisi kuionyesha: chukua bilauri ya plastiki, igeuze mdomo chini, isukume ndani ya ndoo ya maji. Inasukuma kurudi juu kwa sababu ya hewa iliyofungwa ndani. Toboa juu, hewa inafyatuka na maji yanapanda kujaza nafasi. Hewa ile ndiyo inayowafanya watu wapumue na ndiyo hiyo hiyo inayokishikilia chombo. Utaratibu ni kugonga ubavuni na kusikiliza jibu, kuweka alama kwa chaki au rangi pale jibu linapotoka, kukifunga chombo kwa mifuko ya hewa au vyombo vingine pembeni kisizame, kisha wazamiaji waingie kutokea chini kwa njia iliyopo. Kazi hiyo ni ya saa nyingi na inahitaji mitungi ya hewa ya akiba, si miwili. Ukara, fundi mitambo wa MV Nyerere alipatikana hai ndani ya chombo tarehe 22 Septemba, siku ya pili baada ya ajali. Alikuwa kwenye hewa iliyobaki.

Ndiyo maana kujenga kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji Mwanza, kupitia mradi wa pamoja wa Tanzania na Uganda wa mawasiliano na uchukuzi ziwani, kuna uzito kuliko msaada wowote wa mahema. Ziwa lina kilomita za mraba 68,800, nusu yake upande wetu, na upepo hausomi mipaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya uchukuzi wa Ziwa Victoria tangu 2007. Boti iliyozimika karibu na maji ya Uganda haipaswi kusubiri barua kutoka wizara moja kwenda nyingine.

Fedha, na mwisho wa utafutaji

Juu ya fedha mambo ni mafupi. Sheria ya 2022 imeweka mfuko wa taifa wa usimamizi wa maafa, unaopata fedha za Bunge na michango. Fedha hizo si fidia. Baada ya tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, wengi walitarajia michango ingewajengea nyumba zao, na serikali ikaelekeza nguvu kwenye shule, zahanati na miundombinu ya umma. Hasira zilikuwa kubwa. Zingepungua kama tangu siku ya kwanza ingeandikwa kwenye tangazo la kuchangisha kwamba fedha ni za nini. Mwenye nyumba anayetaka kulipwa anahitaji bima. Ndugu wa abiria wanaitafuta haki yao kwa mmiliki wa chombo na bima yake.

Na hapo ndipo lile daftari linarudi. Utafutaji hufungwa kwa hesabu: walioingia, toa waliopona, toa waliopatikana wamekufa, waliobaki ndio wanaotafutwa. Bila namba ya kwanza hesabu haifungwi. Mkuu wa mkoa anasimama mbele ya vipaza sauti na kusema "tunaamini wamekwisha", na mama aliyekaa kwenye mkeka pembeni anajua mwanawe hayumo kwenye orodha yoyote kwa sababu alipandia njiani.

Mwili ukipatikana, hati ya kifo inatoka. Usipopatikana, jina kwenye orodha ya abiria ndio ushahidi wa kwanza kwamba mtu yule alikuwa mle. Jina lisipokuwepo, kwa sheria hajafa, ametoweka. Sheria ya Ndoa ya 1971 inairuhusu mahakama kumdhania mtu huyo amekufa baada ya miaka 5 bila habari zake. Miaka 5 hiyo mjane si mjane, mirathi haifunguliwi, na fedha zilizoko kwenye simu na benki zinabaki pale pale. Kuandika jina lake kwenye daftari la mwaloni kungechukua nusu dakika.